Sauti Ndani ya Kadi

Wimbo ni mali ya namna ya peke yake. Mtu wa Mbinga akimgawia jirani yake debe la kahawa, ghala yake hupungukiwa debe. Akimgawia wimbo, hapungukiwi kitu, na pengine wimbo wenyewe humrudia ukiwa na makofi zaidi kuliko ulivyoondoka. Kwa sababu hiyo watu wa milima ya Umatengo na wa ufuko wa Ziwa Nyasa hawakupata kuona haya kuchukuliana nyimbo. Mganda, ngoma ambayo wanaume huicheza kwa safu kama askari wa gwaride, ilitokana na bendi za jeshi zilizoonekana na kusikika zamani za Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Hapana aliyekwenda kambini kumwomba ruhusa mwenye tarumbeta. Watu walichukua mabuyu, wakayatoboa, wakayapuliza. Ngoma hiyo ina ndugu yake ng'ambo ya ziwa, huko Malawi, aitwaye malipenga. Na kioda, ngoma ya wanawake, huko huitwa chioda. Mawimbi hayatozi ushuru wa nyimbo.

Yafaa kuyakumbuka hayo kabla ya kumhukumu mtu ye yote katika habari ya mwalimu mmoja wa Mbinga na kadi yake.

Mwalimu huyo alikuwa mzaliwa wa Liuli, akifundisha hesabu katika shule ya msingi mjini Mbinga. Mama yake alikuwa manju wa kioda. Siku moja ya arusi, mwaka 2011, mwalimu alisimama kando ya uwanja akainasa sauti ya mama yake kwa simu yake ya mkononi, dakika saba kasoro kidogo, pamoja na ngoma, vigelegele na kilio cha mtoto aliyekuwa akidai uji. Simu iliipa sauti ile tarakimu badala ya jina, naye hakuibadili. Mwaka 2013 mama alifariki. Kutoka siku ile kadi ndogo iliyokuwa ndani ya simu, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, ilikuwa na kitu ambacho hakikuwapo mahali pengine po pote nyumbani mwake. Mwalimu alilijua jambo hilo, lakini alilijua kwa namna ambayo mtu hujua kuwa nyumba yake imeezekwa kwa nyasi: habari ya moto haimjii kila siku.

Mwisho wa mwaka 2014 shule ilifungwa, naye akataka kurudi Liuli na nyimbo mpya za kuwafurahisha vijana wa nyumbani, maana alikuwa amewanunulia redio ndogo ya betri yenye tundu la kadi. Basi akaanza kupima njia za kuzipata. Kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, alizipima kwa uangalifu, na kila njia aliikuta na mwiba wake.

Ya kwanza ilikuwa intaneti. Nyimbo zimekuwa nyepesi kusafiri tangu wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer, huko Ujerumani, walipovumbua namna ya kuzikunja zikabaki kama sehemu moja ya kumi na moja ya uzito wake. Mwaka 1995 ndipo walipoipa namna hiyo jina lake la mp3. Mwaka 1999 kijana mmoja wa Marekani alitoa programu iitwayo Napster, ambayo kwayo mtu alichukua nyimbo moja kwa moja kutoka katika kompyuta ya mtu asiyemjua. Mahakama iliifikisha ukingoni mwaka 2001. Baada yake walikuja wengine wa ukoo huo huo, na LimeWire, aliyekuwa mashuhuri miongoni mwao, alifungwa kwa amri ya mahakama mwaka 2010. Torenti, iliyoanza mwaka 2001, haikufungwa kwa urahisi kwa sababu haina duka la kufunga: wimbo hukatwa vipande vipande, kila mtu akashika chake, na anayepokea huwa papo hapo ni mgawaji, tena anwani ya kompyuta yake huwa wazi kwa kila aliye katika mkusanyiko huo. Haya yalikuwa mambo ya watu wenye kompyuta inayokesha. Mbinga ya siku zile ilitumia umeme wa majenereta ya dizeli, maana gridi ya Taifa ilikuwa haijafika Ruvuma; kompyuta iliyokesha ilikuwa kitu cha hadithi. Kurasa za kupakulia nyimbo kwa simu zilikuwapo, ndiyo, lakini zilikula salio la mwalimu kabla ya wimbo wa nne, na juu ya hayo zilimwekea vitufe vitatu vyenye neno moja, kimoja cha kweli na viwili vya kumpeleka asikokujua.

Njia ya pili ilikuwa kurushiana kwa Bluetooth, jina lililotolewa kwa mfalme mmoja wa Denmark wa karne ya 10 ambaye hakupata kuota kwamba atatajwa katika vituo vya mabasi vya Tanzania. Njia hii haina gharama, wala haitaki mtandao. Watu wawili hukaa kwenye benchi moja, simu kwa simu, wakingoja. Hatari yake ni ndogo ingawa ipo: mwaka 2004 kilionekana kirusi kilichoitwa Cabir, kilichoruka kwa njia hiyo hiyo kutoka simu hadi simu, nacho kilimtaka mwenye simu akubali kwanza kukipokea. Wengi walikubali, kwa sababu walikuwa na desturi ya kukubali. Kwa mwalimu ubaya wa njia hii haukuwa kirusi, bali uchache. Walimu wenzake walikuwa na nyimbo zile zile alizokuwa nazo yeye, na kwaya tele.

(Programu za kurushiana kwa kasi zaidi, kama vile Xender na SHAREit, zilienea baadaye. Wengi waliziona kuwa salama kwa vile hazihitaji intaneti. Lakini mwaka 2021 wachunguzi wa kampuni ya Trend Micro walitangaza kuwa SHAREit ya simu za Android ilikuwa na nyufa ambazo mtu mwovu angeweza kupenyea.)

Ikabaki njia ya tatu, nayo ndiyo iliyokuwa njia ya watu wote: kibanda cha kurushia nyimbo. Msomaji aliyepita katika mji wo wote wa Tanzania miaka ile hawezi kuwa hakukiona. Spika mlangoni, kompyuta kuukuu juu ya meza, waya kadhaa za kuchajia simu, na kijana mwenye kofia ambaye hakuuliza jina la mtu bali aliuliza, "Unataka za namna gani?" Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na Bongo Fleva, taarab, nyimbo za Injili, dansi la zamani la Mlimani Park na Msondo, na rumba ya Kongo. Mteja alitoa kadi, akalipa, akaenda sokoni, akarudi, akaikuta imejaa. Mkulima asiyejua kusoma alihudumiwa sawa na bwana shamba. Kwa usawa huo kibanda kilistahili sifa, na ni vigumu kuona ni taasisi gani nyingine iliyoeneza muziki wa Tanzania vijijini kwa bidii kama ile.

Lakini muziki ule haukuwa wake kuugawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ilikuwa imekwisha kusema kwamba kunakili wimbo kwa biashara bila ruhusa ya mwenyewe ni kosa, na chombo cha kusimamia haki hizo, COSOTA, kilikuwapo Dar es Salaam. Sheria ilikuwa mbali, na kibanda kilikuwa karibu. Mwimbaji aliyekopa fedha ya kulipia studio hakupata hata senti katika shilingi 3,000 alizotoa mwalimu. Hapa mfano wa debe la kahawa hugeuka. Wimbo haupungui kwa kugawiwa, ni kweli. Kinachopungua ni chakula cha aliyeutunga. Mmatengo aliyelima ngoro kwenye mteremko, akachuma, akamenya na kuanika, hangekubali kahawa yake ichukuliwe kwa hoja kwamba mibuni ingali shambani. Mwalimu alilifikiri hilo akiwa amesimama mlangoni pa kibanda. Alilifikiri, kisha akatoa kadi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye safari ya asubuhi.

Alipoitoa alisema, "Mdogo wangu, humo mna vitu vyangu. Niongezee tu, usifute."

"Usihofu, mwalimu," kijana akajibu.

Kompyuta inayopokea kadi za mji mzima ni kama kikombe kimoja kinywewacho na wasafiri wote wa njia kuu. Kirusi kilichokuwa kimeenea katika vibanda vya siku zile kilikuwa na hila ya peke yake: kiliyaficha majalada ya kweli ndani ya kadi, kikaweka mahali pake alama za njia ya mkato zilizofanana nayo kwa jina. Aliyebofya alama hizo hakupata kitu, ila alikiamsha kirusi. Mali yenyewe haikuwa imeharibika. Ilikuwapo, imefunikwa tu, na mstari mmoja wa maagizo uliotosha kuandikwa kwa nusu dakika ungeifunua. Kijana wa kibanda hakuujua mstari ule. Aliona kadi yenye alama za ajabu, akaona wateja saba wanangoja, akafanya lile alilofundishwa kulifanya kwa kila kadi iliyougua: akaiformati. Kisha akaijaza nyimbo 450.

Mwalimu aligundua akiwa garini, katika mteremko wa kuelekea ziwani, kabla barabara ile haijatiwa lami. Alitafuta ile tarakimu. Akaitafuta tena. Abiria aliyekaa karibu naye alidhani amepokea habari za msiba, akampa pole, naye akaipokea pole ile bila kueleza.

Hata baada ya kufuta, mara nyingi vilivyofutwa huweza kurudishwa kwa programu za kazi hiyo, maadam hakijaandikwa kitu juu yake. Lakini kadi ilikuwa ya gigabaiti 2, na nyimbo 450, kila mmoja wa megabaiti nne au zaidi, ziliienea hadi pembeni. Sauti ya mama ilikuwa imelaliwa na rumba. Aliporudi Mbinga, kijana wa kibanda alitaka kumrudishia shilingi zake 3,000, macho yakiwa chini. Mwalimu hakuzipokea, na jambo hilo lilimwumiza kijana kuliko kama angemtukana.

Siku hizi njia ni nyingi na zimenyoka zaidi. Yako maduka halali ya nyimbo, Mdundo iliyoanzia Kenya, Boomplay, na Spotify iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2021. Na ye yote mwenye simu na salio aweza kusikiliza bila kuogopa kirusi wala COSOTA. Hayo ni maendeleo, na wanamuziki walistahili kuyapata mapema zaidi. Ila hapana hata duka moja kati ya hayo ambalo lingekuwa na wimbo wa kioda ulioimbwa Liuli siku ya arusi mwaka 2011. Nyimbo za namna ile hazina njia ya kuishi ila kugawiwa.

Na ndivyo ilivyotukia. Mwalimu alikumbuka, baada ya siku nyingi za kujilaumu, kwamba wakati wa matanga wanawake watatu wa kikundi cha mama yake walimwomba ile sauti, naye akawarushia kwa Bluetooth, bila kuwaza kwamba anaweka akiba. Akawafuata mmoja mmoja. Simu ya wa kwanza ilikuwa imetumbukia ziwani wakati wa kushuka mtumbwini. Ya pili ilikuwa imeuzwa Songea kulipa ada. Wa tatu alikuwa mama yake mdogo, muuza usipa wa Mbamba Bay, naye alikuwa amebadili simu.

Alimkuta sokoni, mbele ya chungu za samaki wadogo waliokaushwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Alimweleza alichokuja kutafuta. Mama mdogo alicheka, akasema kwamba simu ile ya kwanza ilikwisha kufa, lakini mjukuu wake, kabla haijafa, aliukata ule wimbo akaufanya kuwa mlio wa simu, na mlio ule akauhamishia simu mpya. Kwa hiyo dada yake humwita kila siku, tena aghalabu ni watu wa Lituhi wanaouliza bei. Sehemu iliyokatwa ilikuwa sekunde arobaini. Dakika nyingine sita hazikuwapo, wala mtoto aliyelilia uji.

Mwalimu akamwomba aisikie kabla ya kurushiwa. Alitoa simu yake, akapiga namba ya mama mdogo, akaketi juu ya gunia. Sauti ikatoka katikati ya chungu za usipa, nyembamba, yenye mkwaruzo, ikaita, na wanawake wa kikundi wakaanza kuitikia. Mama mdogo, kwa mazoea ya biashara, akaiinua simu, akaipokea.

"Haloo," akasema.