Kuhakiki kwa Ajili ya Mtoto

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimelipwa, mara nyingi kidogo na kwa kuchelewa, ili nisome hadithi walizoandikiwa watu wa miaka 9 hadi 18. Nimezihakiki magazetini, nimewasomea wachapishaji miswada, nimeketi na walimu kuchagua vitabu vya maktaba. Wenzangu wa fasihi wamekuwa wakiniuliza ni lini nitahamia vitabu vya watu wazima. Sijawahi kutamani kuhama.

Nilianza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi Nakuru. Katika kabati la darasa kulikuwa na vitabu vya Barbara Kimenye kuhusu Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni Uganda, ambavyo vilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960. Majalada yalikuwa yameng'oka na kurasa zimeshonwa kwa uzi. Watoto walivigombania. Kando yake vilipangwa vitabu vya Kiswahili, safi, havijaguswa, na karibu kila kimoja kilimalizika kwa mtoto mkaidi kupatwa na balaa kisha kuomba radhi. Hilo liliniuma sana. Kiswahili ndicho walichokitumia kutaniana na kutongoa visa uwanjani. Mbona kitabu chao kiwe na sauti ya mwalimu wa zamu? Nikaandika makala kuhusu kabati lile, gazeti moja likaichapa, na mhariri akanipa safu.

Mhariri huyo alitaka kila uhakiki umalizike kwa kutaja funzo. Tulibishana miaka mingi. Mimi nilitaka kuandika juu ya mzaha uliokolea na uliochacha, juu ya mazungumzo ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuyatamka, juu ya mwandishi anayethubutu kumwacha shujaa wake hatarini kwa kurasa kadhaa bila mjomba wa kutoka mjini kuja kumwokoa. Ken Walibora alithubutu. Ndoto ya Amerika, aliyoichapisha 2001, inamchukulia kijana mwenye ndoto hiyo kama mtu mzima wa akili, na ndiyo maana wanafunzi wangu waliibeba hadi mabwenini. Walibora alipofariki Aprili 2020, waliomtaja kwangu kwanza walikuwa wazazi waliomsoma wakiwa darasani.

Michoro iliniletea kazi nyingine kabisa. Sisi tuliokua na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo tulikuwa tunajua kusoma picha, ila hakuna aliyetuambia kwamba huko nako ni kusoma. Kampuni ya uchapishaji ya Sasa Sema ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na kuanza kutoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili, kikiwamo Abunuwasi cha Gado, nilipata kitu cha kuhakiki ambacho shule haikunifundisha namna ya kukihakiki. Kusema tu kwamba picha zinapendeza ni kumdharau mchoraji. Nikajizoesha kufunika maneno kwa karatasi katika usomaji wa kwanza. Hadithi ikisimama bila maneno, mchoraji amefanya kazi yake. Kisha nachunguza kile kinachoachwa kati ya fremu na fremu: hapa ngumi imeinuliwa, pale mtu yuko chini, na pigo lenyewe amelitunga msomaji kichwani mwake. Mtoto wa miaka 10 hulitunga kwa kasi kuliko profesa. Huo ni ufundi wa usomaji, nao unastahili heshima ya mtihani wowote wa ufahamu.

Hata Marekani, kwenye soko kubwa la vitabu hivi, heshima hiyo ilichelewa. American Born Chinese cha Gene Luen Yang kilipata Tuzo ya Printz 2007, riwaya ya michoro ya kwanza kuipata. Medali ya Newbery, inayotolewa tangu 1922, ilisubiri hadi New Kid cha Jerry Craft mwaka 2020.

Mwaka huohuo kilitoka kitabu ambacho nimekirudia kuliko vyote, When Stars Are Scattered. Omar Mohamed alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab akimlea mdogo wake Hassan, ambaye hasemi karibu neno lolote ila Hooyo, yaani mama kwa Kisomali. Omar alisimulia, Victoria Jamieson akachora. Omar anataka shule, na kila saa anayokaa darasani ni saa ambayo Hassan hana mlinzi. Nilikibeba hadi Garissa, kaunti yenye kambi hiyo, ambako tangu 1996 maktaba ya taifa imekuwa ikiwapelekea wafugaji masanduku ya vitabu kwa ngamia. Nilikaa na kundi la watoto, nikawa nawageuzia Kiingereza kwa Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa. Mvulana mmoja alilalamika kwamba wanapanga foleni tu, wanangoja majina yaitwe, hakuna kinachotokea. Msichana aliyekaa nyuma yake akamjibu, "Ndiyo kambi ilivyo. Angekimbiza mambo, angekuwa anadanganya." Sijaona uhakiki mzuri zaidi wa mwendo wa kitabu hicho. Niliuweka katika makala yangu, nikasema umetoka kwa msomaji wa miaka 12.

Kinachonisononesha ni kwamba kisa cha Dadaab kiliwafikia watoto wa Garissa kwa Kiingereza, katika nakala moja niliyoibeba mkobani. Wachoraji tunao. Wasomaji tunao, wanangoja. Wachapishaji wetu huishi kwa vitabu vilivyoidhinishwa kwa shule, na kitabu kisichoingia katika mtaala hupata shida kuingia dukani.

Wiki hii nina mezani mswada wa riwaya ya michoro kwa Kiswahili, kazi ya kijana wa Kisumu, kuhusu dada wawili na mafuriko. Kuna kurasa mbili nzima ambazo maji yanapanda na hakuna neno hata moja. Mchapishaji ameomba nipendekeze maelezo ya kuongezwa hapo, kwa hofu kwamba wakaguzi watauliza mwanafunzi anajifunza msamiati gani. Nimemwandikia barua ndefu kumweleza mtoto anafanya nini katika kurasa zile, fremu kwa fremu, na nimemwomba asiongeze chochote. Bado hajanijibu. Nitampigia Jumatatu.