Baba Yuko Kasumbalesa

Mtoto akikonda angali ziwani, kizazi changu hapa Tunduma kilikuwa na jibu moja: amebemendwa. Wazazi wamekutana kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa kisha akarudi kumbeba mtoto, na sasa mtoto anaharisha, nywele zimepauka, umri wa kutembea unampita. Dawa ilitafutwa kwa waganga. Lawama alibebeshwa mama, hata pale ambapo kila mtu pale kijiweni alijua baba alilala wapi juzi.

UKIMWI ulipogundulika nchini mwaka 1983, huko Kagera, sisi tuliusikia kama habari za watu wa mbali. Tulisahau mji wetu unaishi kwa nini. Reli ya TAZARA ilikuwa ikipita hapa tangu katikati ya miaka ya 70, na malori ya Zambia na Kongo yalikuwa yakipanga foleni kusubiri karatasi. Dereva aliyekwama siku nne anahitaji chakula, kitanda na mtu wa kuzungumza naye. Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali na wageni wa kila kabila tumejenga nyumba na kusomesha watoto kwa foleni hiyo, kwa hiyo sitamnyooshea kidole mama ntilie wala mhudumu wa baa.

Virusi vilikuja na kukuta jibu letu limekaa tayari. Mtoto mwenye VVU asiyetibiwa hudhoofika vilevile tulivyozoea kuona, na katika kila watoto wawili wa namna hiyo, mmoja hafikishi miaka miwili. Tukaendelea kusema amebemendwa. Kilichotupoteza zaidi ni kwamba si kila mtoto aliambukizwa. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi, walioambukizwa tumboni, wakati wa uchungu au kwa kunyonya walikuwa kati ya 15 na 45. Mama yuleyule aliweza kumzika mmoja na kumlea mwingine mwenye afya tele. Ugonjwa gani huo unaochagua? Kwetu sisi kubemendwa kulieleza jambo hilo vizuri kabisa: yule wa kwanza hamkutulia, huyu wa pili mlitulia.

Majibu mengine yalitoka kwa majirani. Mwaka 1999 watafiti wa Kampala walionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama mwenye uchungu, pamoja na matone kwa mtoto ndani ya siku tatu, vinapunguza maambukizi karibu nusu. Mwaka uliofuata Tanzania ilianza majaribio ya huduma hiyo katika hospitali tano, na Rufaa ya Mbeya ikiwemo. Kisha ikaja Malawi, hapo tu ng'ambo ya mto Songwe, ambako watu wa Ileje huvuka kwenda kuuza na kununua. Malawi haikuwa na mashine za kutosha za kupima kinga ya mwili ili kujua nani aanze dawa na nani asubiri. Mwaka 2011 wakaamua: kila mjamzito anayekutwa na virusi aanze ARV siku hiyo na asiache maisha yake yote. Baada ya miaka miwili mitatu huo ukawa utaratibu wetu pia, na wa nchi nyingi duniani. Sisi tuliozoea kuwatania Wamalawi kwa umaskini wao tungewapa heshima yao kwa hili.

Kwa hiyo mama anayemeza dawa vizuri leo, mtoto wake akapewa dawa yake na kupimwa tone la damu ya kisigino akiwa na wiki sita, ana nafasi kubwa sana ya kumlea mtoto asiye na virusi, tena kwa maziwa yake mwenyewe. Kipingamizi nyumbani mara nyingi ni bibi na kibakuli chake cha uji. Mtoto wa miezi miwili akilia, bibi anasema maziwa hayamtoshi. Utafiti wa Durban, nao wa 1999, uliona kwamba wanaochanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vingine mapema huambukizwa zaidi kuliko wanaonyonya tu. Utumbo wa kichanga ni mwororo. Uji na maji huuchubua. Lakini jaribu kumwambia hivyo bibi aliyelea watoto wanane.

Sasa nirudi kwenye kubemenda, maana kuna kitu ambacho wazee wale walikigusa bila kukijua. Walisema alichofanya baba huko nje humfikia mtoto ziwani. Ndivyo ilivyo. Mama alipimwa kliniki mimba ikiwa changa, akakutwa salama. Akajifungua. Mwiko ukamtaka mume akae mbali naye mpaka mtoto asimame, na hakuna mzee aliyeuliza mume huyo atakaa mbali akiwa wapi. Akarudi na virusi. Maambukizi yakiwa mapya, virusi hujaa katika damu na katika maziwa, na huyu mama hamezi dawa yoyote, kwa kuwa kadi yake inasema yuko salama. Ndiyo maana wauguzi wanataka kumpima tena mimba ikiwa kubwa, na tena akiwa ananyonyesha. Ndiyo maana wanamtaka na mume. Asiyekuja na mume huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa, na vijiweni tunasikia wapo wanaomkodi bodaboda awe baba wa asubuhi moja. Tunacheka, lakini damu inayopimwa ni ya bodaboda.

Mume mwenyewe yuko Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku ya sita kwenye foleni, na simu haina chaji. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa hapa mwaka 2019 hakijamfupishia foleni ya huko. Mwaka huohuo sheria iliruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe. Kipimo cha mate kinaenea katika droo ya dashibodi, pembeni ya vibali na risiti za mafuta, na majibu hutoka kabla foleni haijasogea. Vijana wetu wa usafirishaji wanajua kuhesabu kila lita ya dizeli kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Na hicho kipimo wakinunue kabla ya kurudi nyumbani kumpakata mtoto.