TELEFONI NDANI YA UNGA

Na Kapita wa Wanafunzi, mwaka wa nne Pedagojia



Tuliombwa kuandika katika gazeti letu juu ya vijana Wakristo wanaotangaza Neno kwa njia ya telefoni. Aliyetuomba alifikiri labda tutaandika sifa tu, maana wengi mnajua kwamba sisi finalisti watatu tulikuwa na ukurasa wetu wa Facebook, na kila siku tulituma «Neno la Asubuhi» kwenye WhatsApp. Tutaandika, lakini sifa peke yake hapana. Nusu ya habari hii mliisikia katika dortwari, na nusu ile haikuwa ya kweli. Afazali muisikie kwetu.

Kazi ilianza vizuri. Katika vakansi kubwa ya mwaka jana, kila asubuhi saa kumi na mbili mmoja wetu alichagua mstari wa Biblia, akauandika juu ya picha, akaongeza maneno matatu manne ya maelezo, akatuma. Watu wa Likasi na Lubumbashi walijibu Amina, hata ndugu mmoja aliye Ndola kule Zambia. Mama mmoja anayeuza samaki sokoni alituambia kwamba anasoma Neno letu mbele ya kupanga meza yake. Basi hatusemi kazi ile ilikuwa ya bure.

Lakini oneni ginsi mambo yalivyogeuka. Siku za kwanza tulitafuta mstari kwa muda mrefu, na picha kwa dakika mbili. Nyuma ya majuma mawili ikawa kinyume: mstari dakika tano, picha ya jua linalochomoza dakika arobaini, maana jua la kwanza lilikuwa jekundu sana na la pili lilifanana na yai. Tena kulikuwa na ile hesabu. Statu ya WhatsApp inakaa saa 24 kisha inapotea, na chini yake kuna jicho dogo lenye namba ya watu walioiona. Facebook nayo iko na kidole gumba chake tangu mwaka 2009, wakati sisi tulikuwa tunajifunza kutembea. Jicho na kidole, hivyo viwili vilituamsha usiku. Tulipopata vidole 60 tulisema Mungu anabariki. Tulipopata 9 tuliulizana ni nani ametukasirikia. Siku zote mbili hakuna aliyeuliza kama maelezo yetu ya ule mstari yalikuwa ya kweli.

Mmoja wetu, anayependa hesabu, alipiga kalamu baadaye. Kuanzia tarehe 10 Julai mpaka 20 Agosti ni siku 42. Saa tatu kila siku, jumla saa 126. Katika saa hizo zote, kusoma Biblia bila kutafuta kitu cha kutuma, hatukumbuki kama tulifanya hata saa kumi.

Septemba tukarudi internati. Kanuni ya shule mnaijua: telefoni haiingii. Sisi wakubwa ndio tunaolinda kanuni hiyo, na katika mwezi wa Oktoba peke yake tulikamata telefoni nne za wadogo wetu, tukazipeleka kwa direkta wa nidhamu. Ya tano ilikuwa yetu. Ilikaa katika mfuko wa plastiki, ndani ya ndoo ya unga wa bukari, chini ya kitanda. Tulikuwa tunaipeleka kutiwa moto katika duka la kule barabarani, franka 500 kila mara, tukisema tunaenda kununua sabuni. Dhamiri ilisema, lakini tulikuwa na jibu tayari: telefoni za wengine ni za muziki na wasichana, yetu ni ya Mungu. (Mutatuonea huruma mkijua pia kwamba bukari ya juma lile ilikuwa na ladha ya plastiki.)

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Jioni moja ya Novemba mdogo wetu wa mwaka wa kwanza humanite alishikwa na homa kali. Tulimbeba mpaka dispansere. Muuguzi akapima damu, akasema ni malaria, akamtundikia seramu, akatuambia homa itashuka mbele ya asubuhi. Tukamzunguka kitanda, tukaomba. Tuliomba kweli, hilo hatulikani. Lakini katikati ya maombi mkono mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha mgonjwa, na mkono wa pili ulikuwa na telefoni. Aliyekuwa na mikono ile miwili ndiye anayeandika hapa.

Picha ilitoka vizuri: mtoto amefumba macho, seramu inaning'inia, vichwa vyetu vimeinama. Tukaandika chini yake: «Tuombee mdogo wetu, yuko katika hali mbaya.» Muuguzi hakusema hali mbaya. Tuliongeza sisi, maana tuliona kwamba mgonjwa wa malaria tu hatamsimamisha mtu, kila nyumba iko na wa kwake. Mbele ya kulala jicho lilionyesha 214. Hatujawahi kupata namba ile kwa mstari wowote wa Biblia. Tulilala na furaha. Tunaandika neno hilo kwa haya, lakini lilikuwa hivyo.

Usiku picha ilitembea. Tangu mwaka 2019 WhatsApp haimruhusu mtu kutuma habari moja kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Lakini tano mara tano mara tano ni 125, hesabu hiyo hata mtoto wa primeri anaiweza. Njiani mtu mmoja, hatujui nani, alifuta maneno yetu akaweka yake: mtoto amelala katika Bwana.

Kesho yake saa nne ya asubuhi mama yake alifika kutoka Lubumbashi. Alikuwa amejaribu kupiga simu shuleni, lakini mnajua katika bonde hili simu inaingia siku inayotaka. Alishuka kwenye lori pamoja na dada zake wawili. Walikuwa wamebeba mkeka, na vitenge wamefunga kama watu wanaoenda kulala matanga. Alitukuta sisi kwanza kwenye mlango mkubwa, maana ilikuwa zamu yetu.

«Mutoto wangu mulimuweka wapi?» akauliza.

Hakuuliza yuko wapi. Aliuliza tulimweka wapi. Tulipoelewa anamaanisha nini miguu ilitulegea. Tukasema: «Mama, iko muzima, iko anakula uji.» Hakusadiki. Tukaenda naye mpaka dispansere, na mtoto alikuwa ameketi kitandani, kijiko mkononi, akasema: «Ee mama, umekuja? Ni nini?» Mama akaketi chini, palepale kwenye sima, hakulia, hakusema kitu kwa muda mrefu. Dada zake ndio walilia. Kisha akatoa telefoni yake, yenye kioo kilichopasuka, akatuonyesha ile picha.

«Ni nani alipiga hii foto?»

«Ni sisi, Mama.»

Akatutazama mmoja mmoja. Tulitaka atupigie kelele, ingekuwa nyepesi. Akasema polepole: «Ninyi babaangu, mulikuwa munaomba ao mulikuwa munapiga foto?»

Hatukujibu. Tumekuwa na miezi kadhaa ya kutafuta jibu la Mama yule.

Siku ile tulitoa telefoni katika unga, tukaipeleka kwa Prefe bila kuitwa. Azabu yetu mliiona: kusafisha vyoo majuma mawili. Wale wanne wa Oktoba walikuja kututazama tukifanya kazi, na hatukuweza kuwafukuza. Kuhusu ukapita, Prefe alituachia, akasema atakayekamata telefoni sasa atakuwa anajua ladha yake.

Tulikuwa tumeamua kuacha kabisa mambo ya kuandika. Wenzetu wengine walishangilia, wakisema telefoni ni kitu cha shetani. Pasta wa shule yetu hakukubali. Alituambia: hapa karibu na barabara ya Likasi na Kolwezi mnasikia malori ya kobalti usiku na mchana. Kobalti ile inaingia katika betri za telefoni za dunia nzima. Kitu kilichotoka chini ya miguu yenu mtakikimbia mpaka wapi? Tena alikumbusha mwisho wa mwaka 2018, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipokatwa katika nchi yetu nzima tarehe 31 Desemba, na kurudi baada ya siku kama ishirini. Sisi tulikuwa watoto. Yeye anasema katika parokia yake Wakristo waliogopa kwanza, kisha wakaanza kutembeleana kwa miguu kuulizana habari, na hajawahi kupata wageni wengi kama mwezi ule. Lakini hakusema ni vizuri kukatwa. Alisema tu kwamba siku zile alijua nani anamjua.

Kisha alitupa jambo ambalo lilituingia zaidi. Alitueleza juu ya John Wesley, aliyeanzisha Wametodisti kule Uingereza katika miaka ya 1700. Wesley aliandika sana. Lakini alikuwa na maandiko ya namna mbili. Kulikuwa na Jurnali yake, ambayo alianza kuichapa mwaka 1740 ili watu wasome. Na kulikuwa na vitabu vidogo vya kila siku, alivyovianza mwaka 1725 alipokuwa kijana Oxford: saa ya kuamka, saa ya kuomba, makosa yake. Hivyo aliviandika kwa alama za kuficha na maneno ya kukatwa, hata mtu akifungua haoni kitu. Wesley alikufa mwaka 1791, na wataalamu walipata kuzisoma alama zile zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mtu yule alihubiri mbele ya maelfu ya watu wanjani, hakuogopa macho ya watu. Lakini alikuwa na mahali ambapo macho hayafiki. Pasta akatutuma tusome Matayo sura ya 6, pale Bwana anapowasema wale wanaoomba kwenye njia panda ili waonekane, na kuwaagiza wanafunzi wake waingie chumbani na kufunga mlango. Tulikuwa tumeutuma ule mstari katika vakansi. Tulikumbuka hata picha yake: mlango wa mbao wenye mwanga. Ulipata vidole 47.

Basi kila mmoja wetu alinunua kaye mbili. Ya kwanza ina karatasi za kuandika Neno la watu. Ya pili hatuwaambii ina nini.

Kazi imerudi, lakini imekuwa ndogo. Telefoni inakaa katika kabati la Pasta. Jumamosi saa tisa tunaenda kwake, tunaandika kwanza kwa kalamu, mmoja anasoma kwa sauti, wawili wanakosoa, kisha tunatuma na kufunga. Saa moja tu. Picha ya mtu haitoki bila yeye kukubali, na kama ni mdogo, wazazi wake pia. Hatutaki mfikiri kwamba tumepona. Katika masomo ya jioni, wakati grupu ya umeme inanguruma, mkono bado unaenda mfukoni kutafuta kitu kisichokuwamo. Tena tunakiri kwamba hata kwa gazeti hili la roneo, nakala 150 zenye wino unaochafua vidole, tumekwisha kuuliza mara mbili kama makala yetu itakuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Yule mdogo wetu hakutukasirikia, au hakutuonyesha. Lakini katika vakansi ya Noeli alienda Kolwezi kwa mjomba wake, na kanisani mtu alimwuliza kama yeye ni ndugu wa yule marehemu. Aliporudi akatuita nyuma ya refektwari. Akasema: «Yaya, muliandika nilikuwa mubaya. Juu ya nini hamukuandika kama nilipona?»

Ilikuwa kweli. Tulifuta picha, tukaomba musamaha kwa mama, tukafanya vyoo, na hilo halikutujia hata siku moja. Jumamosi ile tuliandika, yeye mwenyewe ameketi katikati yetu kwa Pasta akichagua maneno. Hakutaka picha. Tuliandika kwamba mtoto aliyesemwa amekufa yuko hai, anasoma, amepata 68 kwa mia katika hesabu, na kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu. Tukatuma kwa watu wote waliokuwa wamepata ile ya kwanza.

Kesho yake tuliangalia jicho. Saa 24 za statu zilikuwa karibu kwisha: walioona walikuwa 11. Akauliza kama mama yake yumo. Tukatafuta majina, hakuwamo. «Labda mega zilimwishia,» akasema. Pasta akampa telefoni, akampigia.