Sahani Zitembeazo: Mlo wa Watu wa Kazi huko Osaka

Mtu akisikia habari za nchi ya Japani, mara huwaza magari, redio na treni ziendazo kama mshale. Ni wachache waulizao: Na mtu wa mshahara mdogo, je, hula wapi jioni, atokapo kazini na watoto wake wana njaa? Jibu moja lapatikana Higashiosaka, mji upakanao na Osaka upande wa mashariki. Si mji wa watalii. Ni mji wa karakana, maelfu ya karakana ndogo ndogo zitengenezazo parafujo, misumari na vyuma vya kila namna. Hapo, karibu na stesheni ya Fuse, ndipo palipofunguliwa mwaka 1958 nyumba ya chakula ya namna isiyopata kuonekana duniani.

Chakula chenyewe chaitwa sushi. Ni wali uliotiwa siki, sukari kidogo na chumvi, ukafinyangwa kuwa tonge dogo. Na juu ya tonge huwekwa kipande cha samaki, mara nyingi mbichi. Najua wasomaji wengine wamekwisha kunja uso. Wangojee kidogo.

Asili ya sushi si anasa hata kidogo. Mbali kidogo na Osaka, upande wa kaskazini-mashariki, liko Ziwa Biwa, mojawapo ya maziwa ya kale kabisa duniani, kama lilivyo Tanganyika letu. Wavuvi wa huko walikuwa na shida ile ile waijuayo watu wa Uvira na Kalemie: leo samaki tele, kesho wameoza. Sisi tuliwaanika ndakala juani. Wao waliwatia samaki chumvi, kisha wakawapanga ndani ya pipa pamoja na wali, wakawaacha humo mwaka mzima au zaidi. Wali ulichacha, na uchachu ule ukamlinda samaki. Chakula hicho bado chatengenezwa Biwa hata leo, na harufu yake humfukuza mgeni asiye hodari. Basi sushi ilianza kama akiba ya mvuvi. Ndipo katika miaka ya 1820, mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, wapishi wakaacha kungoja uchachu: walitia siki katika wali na kumwekea mteja samaki juu yake papo hapo. Wengi humtaja Hanaya Yohei kuwa ndiye aliyeieneza desturi hiyo. Iliuzwa vibandani barabarani, na watu wa kazi walikula wamesimama.

Lakini katika karne ya 20 chakula hicho cha barabarani kilipanda cheo. Kiliingia katika nyumba safi zenye meza ya mbao nyeupe, na fundi aliyejifunza miaka mingi akisimama nyuma yake na kisu chake. Mara nyingi bei haikuandikwa. Mwenye kuuliza bei alionekana mshamba, na mwenye kuogopa kuuliza alijikuta na deni. Baba mwenye watoto wanne alipita mlangoni akatazama mbele.

Bwana Shiraishi Yoshiaki alikuwa na nyumba ya sushi iliyowapikia watu wa karakana. Wateja wake walikuwa wengi, fedha zao chache, na wapishi na watumishi hawakumtosha. Siku moja alizuru kiwanda cha bia, akaona chupa zikipita zenyewe juu ya ukanda uendao bila kusimama. Akawaza: kama chupa zaweza kumfuata mfanyakazi, kwa nini sahani zisimfuate mlaji? Kazi ya kuutengeneza ukanda huo ilimchukua miaka, hasa kwa sababu ya kona, maana kugeuza ukanda pembeni bila kumwaga chakula si jambo jepesi. Hata mwendo ulipimwa: sentimeta 8 hivi kwa sekunde. Ukienda polepole mno mlaji huchoka kungoja. Ukienda mbio, anashindwa kuchukua. Mwaka 1970, katika maonyesho makubwa ya mataifa yote yaliyofanyika Osaka, mamilioni ya watu walifika mjini, na ukanda ule ukapata sifa katika nchi nzima.

Sasa tuingie tuketi. Mbele yako umo mfereji mdogo wa maji ya moto. Watia unga wa chai ya kijani katika kikombe na kujichotea. Tangawizi iliyolowekwa katika siki ipo bure. Sahani zapita: tuna, ngisi, kamba, yai la kukaanga, tango lililofungwa ndani ya mwani. Wachukua upendayo. Mwisho, mtumishi huhesabu sahani tupu, na rangi ya kila sahani ndiyo bei yake. Hilo kwangu ndilo jambo kubwa kuliko ukanda wenyewe: baba ajua, sahani kwa sahani, fedha alizokwisha tumia, na hakuna aibu. Kwa miaka mingi maduka makubwa yalitoza yeni 100 kwa sahani, bila kodi. Mwaka 2022, bei ya samaki na ya mafuta ilipopanda na yeni kushuka, bei hiyo ilianza kutoweka, na akina mama wa Japani walinung'unika.

Na ule ubichi? Wajapani wenyewe huuogopa inavyopasa. Samaki wa bahari huweza kuwa na minyoo, na baridi ya digrii 20 chini ya sifuri kwa saa 24 huiua. Samaki wa mito na maziwa ni hatari zaidi. Basi mtu asijaribu jambo hili nyumbani na samaki wa ziwani.

Hofu iliyoingia juzi ilitoka kwa watu, si kwa samaki. Mwanzo wa mwaka 2023 kijana mmoja alijipiga filamu akilamba chupa ya mchuzi wa soya iliyowekwa kwa wote, na kutia mate katika sushi ipitayo. Nchi nzima ilichafukwa moyo. Maduka mengi yalisimamisha sahani zizungukazo wazi. Siku hizi mlaji huagiza, na ukanda humletea yeye peke yake. Ukanda wa Bwana Shiraishi ulisimama juu ya imani kwamba jirani hatagusa asichokula.

Wengine hawaketi kabisa. Husimama dirishani, wakapokea kisanduku chepesi na kwenda nacho nyumbani. Muuzaji huwaambia wale siku ile ile, wala wasikiache pahali pa joto. Na katika friji wali hukauka ukawa mgumu kama punje mbichi. Ndani ya kisanduku mara nyingi hukuta kichupa cha plastiki chenye umbo la samaki, kofia nyekundu mdomoni, kimejaa mchuzi wa soya. Nacho ni mtoto wa Osaka: kilibuniwa huko mwaka 1954. Kimesafiri mbali kuliko sushi nyingi, hata Australia, ambako jimbo la South Australia lilikipiga marufuku Septemba 2025, kwa kuwa ni kidogo mno hata hupenya katika mifereji na kufika baharini, waliko samaki wa kweli.