Kijiko cha Mrututu

Nimezaliwa Dutumi, Kibaha, huku bonde la Ruvu, na mpaka natimiza miaka kumi na tisa sikuwahi kuonja maji ya bahari. Samaki niliowajua ni kambare na perege, tena wa kukaanga. Leo ninaishi kwa samaki wasioliwa: nahudumia matangi ya maji chumvi kwenye nyumba za watu, Masaki hadi Kunduchi.

Kazi yenyewe niliipata kwa mlango wa nyuma. Niliajiriwa Mbezi Beach kukata majani. Sebuleni kulikuwa na tangi la lita 600, na fundi wake alipoacha kuja, mama mwenye nyumba akaniita: "Kijana, wewe si wa mtoni? Hebu waangalie hawa." Kwake yeye samaki ni samaki. Nikajifunza kusugua kioo, kuosha chujio na kuchota maji Kunduchi siku za bamvua, bahari ikiwa imejaa, madumu yamepangwa nyuma ya gari.

Mwaka wa pili akaletewa kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la njano. Mrembo kweli, lakini kwa kushika maradhi hana mpinzani. Nilimtia tangini siku ileile. Haikupita wiki, nikaona punje nyeupe mapezini, kama karushiwa chumvi ya mezani, naye akijikuna kwenye mawe. Siku chache baadaye punje zikatoweka. Nikamshukuru Mungu. Ziliporudi zilirudi kwa samaki wote, na sasa walikuwa wakihema juu juu, mashavu yakifunguka na kufungika mbiombio.

Bibi yangu, Mzaramo wa Dutumi, vidonda vyetu vyote alivitibu kwa mrututu. Fundi mmoja niliyempigia simu akaniambia hata Ulaya samaki hutibiwa kwa shaba, na mrututu ni shaba. Alisema kweli, kiasi ndicho hakukisema. Nikaenda Kariakoo, nikanunua, nikakoroga kijiko kimoja cha chai, nikamimina. Kufika alasiri kamba walikuwa chali na matumbawe yanatoa ute. Asubuhi sebule nzima ilinuka kama soko la samaki la Feri jioni. Mama alisimama mbele ya kioo, kimya, kisha akauliza: "Umewapikia supu?"

Hakunifukuza. Alisema nijifunze kwanza, ndipo anunue wengine.

Hesabu niliyoifanya nikiwa nimechelewa ni hii. Robo ya uzito wa mrututu ndiyo shaba. Kijiko changu kilibeba gramu sita hivi, na kwenye lita 600 hiyo ni kama miligramu 2.5 za shaba kwa kila lita. Kinachotakiwa ni 0.2 tu. Niliwapa mara kumi na mbili. Tena kamba na matumbawe hawaivumilii shaba hata ikiwa ya kipimo.

Kimelea chenyewe wataalamu wanakiita Cryptocaryon irritans. Nilipousoma mwenendo wake nilijiona niko darasa la nne, kijijini, tumepanga foleni tunapimwa urefu kwa ufito wenye alama ili kila mmoja apewe vidonge vyake vya kichocho. Tulimeza, tukapona, na likizo tukarudi kuogelea bwawa lilelile. Hiki nacho ndivyo kilivyo. Punje ikiondoka mwilini mwa samaki haijafa. Imeshuka mchangani kujifungia kwenye kifuko. Humo hugawanyika, na kifuko kikipasuka hutoka watoto hata mia mbili, kila mmoja akitafuta ngozi ya samaki. Asipoipata kwa siku moja au mbili, anakufa. Shaba humuua hapo tu, akiwa anaogelea. Ndani ya ngozi haimpati, na ndani ya kifuko haimpati.

Kwa hiyo ugonjwa ulipozuka tena, kwenye nyumba nyingine, tangi sikuligusa. Niliwatoa samaki wote nikawahamishia kwenye pipa la lita 200, bila mchanga wala mawe, kwa sababu mawe ya chokaa hunyonya shaba; nikawawekea vipande vya bomba la plastiki wajifiche. Nikayeyusha gramu nane za mrututu katika lita moja ya maji na kuvuta mililita 20 kwa bomba la sindano, basi. Hizo ni miligramu 160 za mrututu, yaani 40 za shaba. Kila asubuhi na jioni nilipima maji, nikiongeza matone kiwango kikishuka. Wiki nne.

Tangi lenyewe likabaki na kamba na matumbawe, bila samaki hata mmoja, siku 76. Vifuko vimewahi kuonekana vikipasuka mpaka siku ya 72, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Mwenye nyumba, mzee mstaafu, alikuwa ananisalimia kwa kuuliza, "Leo ya ngapi?" Siku ya 77 tuliwarudisha samaki tisa kati ya kumi na mmoja.

Sasa kila samaki mgeni anakaa kwanza kwangu, kwenye pipa, mwezi mzima. Gharama naiandika kwenye risiti. Mteja asiyetaka kusubiri namwelekeza kwa fundi mwingine.