Michoro ya Kolo, Makumbusho Yaliyo Mlimani

Mtu akitajiwa makumbusho, fikira zake humwendea Dar es Salaam, kwenye jumba lililofunguliwa mwaka 1940, au humpeleka mbali hadi Cairo, ambako vitu vya Mafirauni vimepangwa ndani ya makabati ya vioo. Ni wachache wakumbukao kuwa katika mkoa wa Dodoma, nchi ya ukame na mibuyu, yako makumbusho mengine yasiyo na paa wala mlango, ambayo kuta zake ni miamba na mafundi wake hawakuacha hata jina moja. Hiyo ndiyo michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoenea katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Tuliondoka Dodoma baada ya sala ya alfajiri, watu watano katika gari moja. Zamani njia hii ilikuwa adha, vumbi kiangazi na tope masika. Leo ni lami tupu mpaka Babati, nayo ilizinduliwa mwaka 2018. Hadi mji wa Kondoa ni kilomita 160 hivi. Kondoa ni nchi ya Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu, na mgeni atokaye pwani hajioni mgeni sana pale, kwani salamu ni zile zile na adhana husikika kila upande. Mbele ya mji, mwendo wa zaidi ya kilomita 20, ndipo palipo kijiji cha Kolo. Kuna ofisi ndogo kando ya barabara. Mgeni hujiandikisha, hulipa kiingilio, akapewa kiongozi. Kutoka hapo gari huingia njia ya mchanga hadi chini ya mlima, na yaliyobaki ni ya miguu.

Kupanda si mchezo, maana mawe yamepandana kama magunia bandarini. Lakini ufikapo chini ya jabali lililoinama kama baraza ya nyumba, uchovu wote husahaulika. Mwanzoni huoni kitu ila madoa mekundu. Kisha macho huzoea, na madoa yakawa twiga, yakawa tembo, yakawa pofu mwenye shingo nene, amechorwa kwa mkono usiotetemeka. Rangi ni ya udongo mwekundu, ule ambao maseremala huuita ngeu. Watu waliochorwa ni warefu na wembamba kupita kiasi, wengine vichwa vyao vikubwa vya mviringo, kama kwamba wamevaa vilemba au nywele zilizotimuliwa. Mahali pengine picha zimechorwa juu ya picha nyingine, tabaka juu ya tabaka, na juu ya nyekundu yaonekana michoro mingine myeupe, minene, ya watu waliokuja nyuma wakiwa na jembe na ng'ombe. Basi ukuta mmoja waeleza jinsi nchi ilivyotoka mikononi mwa wawindaji ikaingia mikononi mwa wakulima, na hakuna kitabu cha zama hizo kinachoeleza habari hiyo.

Picha moja hapo Kolo imewashughulisha sana wataalamu. Mtu amesimama katikati, na wengine pande mbili wamemshika mikono. Bibi Mary Leakey aliyekuja hapa mwaka 1951 aliona kuwa huyo ananyakuliwa kwa nguvu. Wengine waliokuja baadaye wakasema la, hiyo ni ngoma ya uganga, mfano wa simbo ya Wasandawe, watu wenye lugha ya vidoko ambao mpaka leo wakaa upande wa Chemba. Mimi nimeelekea kwa hawa wa pili, kwani jirani huijua nyumba kuliko mpita njia. Hata hivyo kazi ya bibi yule yastahili heshima: alipata mahali 186 penye michoro, akanakili picha 1,600 kwa mkono kutoka mahali 43, na kitabu chake cha mwaka 1983 akakipa jina lenye maana ya sanaa ya Afrika inayotoweka.

Jina hilo ni la kweli. Moshi wa wachungaji, mikojo ya pimbi, mvua, na mikono ya wageni vimekwisha kula mengi. Wako waliochimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu ya Wajerumani, ambayo hawakuipata. Na pale paitwapo Mongomi wa Kolo wenyeji hufanya matambiko ya mvua na ya maradhi, na pombe ya nafaka hurushwa ukutani.

Habari hii ya matambiko ndiyo iliyomchafua moyo mwenzetu mmoja, mwalimu wa madrasa. Akasema, "Ndugu zangu, hizi ni sura za viumbe, na hapa panaombwa asiyekuwa Mungu. Kwa nini tuzilinde? Afadhali mvua izifute." Swali hilo si la kudharauliwa, na najua laulizwa katika nyumba nyingi. Kiongozi wetu, mzee wa Kirangi mwenye kofia ya kushona, alimjibu kwa upole: "Maalim, mimi naswali sala tano, na sijapata kuuomba ukuta huu. Lakini babu zangu waliukuta hapa. Nikiufuta, mjukuu wangu nitamwambia nini?"

Nami naona tambiko ni jambo moja na mchoro ni jambo jingine. La kwanza hatulishiriki. La pili ni ushahidi. Waislamu walipoingia Misri katika karne ya saba hawakuyavunja mahekalu ya Mafirauni, na leo ni Waislamu wa Misri wanaoyachimbua na kuyalinda. Kule Jordan liko jumba la Qusayr Amra, lililojengwa katika zama za Bani Umayya, na kuta zake zimejaa picha za uwindaji. Kulitazama hakumtoi mtu katika dini yake. Maalim hakukubali yote, ila alisema atawaleta wanafunzi wake, mradi isiwe siku ya tambiko.

Alipendezwa zaidi na habari za Kisese, pango lililochimbwa mwaka 1956 na mtaalamu Ray Inskeep. Humo zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na nyingine umri wake ni miaka 40,000 na zaidi. Akanyamaza kitambo, akihesabu kwa vidole ni vizazi vingapi.

Mwenye nia ya kwenda na watu wa nyumbani kwake na achague kiangazi, wavae viatu vya kushika mwamba, watoke mapema kabla jua halijawa kali. Wachukue maji ya kutosha, kwani huko juu hayapatikani. Na maji hayo wayanywe yote. Wako wageni wa zamani walioyamwaga ukutani ili picha zing'ae mbele ya kamera, na alama zake zaonekana hata leo.