Pembe ya nkambo

Kwetu Katanga, katika kijiji cha mama yangu, sultani akifariki bunduki zinalia. Hazitiwi risasi: ni baruti tu, na juu yake tambara lililoshindiliwa. Ule mlio unaambia vijiji vya jirani kwamba mkubwa ameondoka. Zamani nilidhani mila yote ni ule mlio.

Nkambo wangu alikuwa na pupu, bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo. Baruti aliipima kwa pembe ndogo ya swala. Kwa mawindo, pembe moja. Kwa kilio, nusu. Nilipomuuliza sababu, alijibu: « Mutoto, hii chuma ni muzee sawa mimi. Hatubebeshake muzee muzigo ya kijana. » Akimaliza, aliosha mtutu kwa maji ya moto, akaukausha, akaupaka mafuta. Maana masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na kutu hula chuma toka ndani.

Bunduki za namna hii zina historia. M'siri, sultani wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, alipata bunduki na baruti kwa pembe za ndovu na shaba, kutoka kwa wachuuzi wa pwani ya mashariki na ya magharibi. Kisha Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazuia silaha za kisasa zisiingie mikononi mwa wenyeji; ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Hivyo wazee wetu walibaki na baruti nyeusi, wakati Ulaya ilikwisha kupata ile isiyo na moshi, aliyoitengeneza Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884.

Ni hiyo baruti ya pili iliyotuletea msiba. Nkambo alikuwa amekwisha kufa. Kwenye kilio cha sultani, binamu yangu alikosa baruti nyeusi. Vita vilikuwa vimeacha masasi ya askari kila fasi. Akafungua kadhaa, akamwaga baruti yao ndani ya ile pupu, kwa kukadiria na macho tu. Baruti hiyo ikifungiwa ndani ya chuma huzaa nguvu kupita kabisa ile nyeusi. Hata kipimo cha nkambo kisingemwokoa. Mtutu ulipasuka. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vikaenda.

Mimi nilikuwa pale, mwalimu mzima, mwenye kufundisha mambo ya gesi na mkandamizo darasani. Na pembe ya nkambo ilikuwa wapi? Nyumbani kwangu mjini, imetundikwa ukutani kama pambo. Nilichukua kifaa, na maneno yaliyokwenda pamoja nacho sikumwachia mtu yeyote.

Baadaye nilirudisha ile pembe. Binamu ndiye anaitunza. Pupu haiko tena, na kilio kinapigwa ngoma tu. Lakini vijana wakimuuliza juu ya mkono wake, anaileta pembe, anawaeleza nusu ilikuwa ya nini, na kwa nini chuma cha muzee hakitiwi baruti ya kigeni.

Sisi tunaoandika mila za wazee, tunapenda kutaja ngoma, mavazi na milio. Tuulize pia vipimo, wakati wenye kuvijua wangali hai.